Alama Sitini na Moja

Oosterveld, Michigan
Jumanne, 21 Januari 1997

Kwa Dkt. Clark Ostrander,
Ofisi ya Afya ya Akili ya Kaunti

Daktari,

Nimepokea barua ya ofisi yako ya tarehe 17. Inasema kwamba mdogo wangu, Lubbert Hoekzema, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, amepata alama sitini na moja kati ya mia katika Kipimo cha Kujimudu kwa Jumla, na kwa kuwa nyumba za uangalizi za kaunti ni za wagonjwa wenye alama hamsini kushuka chini, ombi lake limekataliwa. Mwishoni kuna sahihi yako. Nimeitazama kwa muda. Ni sahihi ya mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Nina desturi ya kuandika shajara kila siku tangu mwaka 1951, na sijaruka siku hata moja. Ukurasa wa Jumanne tarehe 14 unasema tuliingia ofisini kwako saa nne na dakika kumi asubuhi, tukatoka saa nne na dakika thelathini na tatu. Hizo ni dakika ishirini na tatu. Tatu ulizitumia kutafuta kalamu, ambayo ilikuwa mfukoni mwako, na mbili kuzungumza kwa simu na mtu wa matairi. Mdogo wangu ameumwa kwa miaka ishirini na sita, na wewe umemmaliza kwa dakika kumi na nane.

Mimi nilifanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye kiwanda cha matango ya siki, meza ya kupanga madaraja. Tango linakuja kwenye ukanda, unalitazama, unalipindua, unaliweka mahali pake. Kulipindua ndiyo kazi yenyewe. Upande wa juu uliopata jua, tango lolote ni zuri. Uozo huanzia tumboni, pale lilipolalia udongo. Msichana aliyeajiriwa asubuhi alikuwa amekwisha kulijua hilo kabla ya chakula cha mchana. Wewe una vyeti vinne ukutani, nilivihesabu wakati ukitafuta kalamu, na mdogo wangu hukumpindua.

Naomba apimwe upya, na mtu mwingine ikiwezekana.

Tena Hoekzema


Jumatatu, 27 Januari 1997

Kwa Bi. Hoekzema,

Nimesoma barua yako. Ili pasiwe na kutoelewana, nakuandikia yale niliyoyaona mwenyewe.

Bwana Lubbert alifika kwa wakati. Alikuwa amenyoa, amevaa suti nyeusi safi na tai. Alinisalimu kwa adabu. Nilipomuuliza hali yake alijibu, "Hatuna la kulalamika." Nilimuuliza jinsi anavyoishi, akaniambia kwamba huamka saa kumi na mbili na nusu, huoga, hupika uji wa oti, na mchana hutengeneza saa za ukutani. Jumapili huenda kanisani. Rafiki zake ni mchungaji na jirani mmoja mwanamke. Nilimuuliza kama anasikia sauti ambazo watu wengine hawazisikii, akasema, "Si za kuzungumziwa." Niliandika kwamba dalili ni ndogo na kwamba kwa jumla anajimudu vizuri. Mtu yeyote katika fani hii angeandika vivyo hivyo.

Ndugu waliokaa na mgonjwa kwa muda mrefu mara nyingi huwa wa mwisho kuona kwamba amepata nafuu. Hilo linaeleweka. Lakini kipimo hiki si kwa ajili ya ndugu, na kukitumia kunahitaji mafunzo ya miaka, ambayo, kwa heshima, hayafanani na kazi ya kuchagua mboga.

Una siku sitini za kukata rufaa tangu tarehe ya uamuzi.

Dkt. C. Ostrander


Ijumaa, 31 Januari 1997

Daktari,

Nimekwenda maktaba ya mjini kukisoma hicho kitabu chako chenye kipimo. Kipimo kizima ni kurasa mbili. Nimezinakili kwa mkono, na sasa ninazijua kuliko wewe, kwa sababu zinasema jambo usilolifanya: kwamba daktari atazame dalili, kisha atazame kujimudu, na kama viwili hivyo havilingani, achukue kile kilicho kibaya zaidi. Limeandikwa kwa maneno mepesi. Hata mchagua mboga ameelewa.

Haya sasa, nisikilize.

Suti nilimvalisha mimi. Tai niliifunga mimi, nikiwa nimesimama nyuma yake mbele ya kioo, kwa sababu akigeukiwa usoni na mtu anafumba macho. Ndevu nilimnyoa mimi. Kuoga, anaoga nikisimama nje ya mlango wa bafu nikihesabu kwa sauti kutoka moja hadi mia mbili. Kwenye hamsini nasema "makwapa," kwenye mia nasema "masikio." Nikinyamaza, hata nikikohoa, anatoka na sabuni mwilini. Uji wa oti napika mimi. Hali kitu mpaka nikionje mbele yake, nimeze, na tungoje dakika tano nzima tuone kama nitaanguka. Hizo saa anazotengeneza ni kumi na nne. Amezifungua zote. Alikuwa fundi kweli hadi mwaka 1971, na mikono bado inakumbuka kufungua. Hakuna hata moja inayotembea. Anazifungua kwa sababu zinamsikiliza.

Maneno aliyokuambia niliyaandika kwenye kadi sita, akayakariri ndani ya gari kuanzia nyumbani hadi kwako. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo saa ninayoamka mimi.

"Hatuna la kulalamika" ni jibu la baba yetu. Alilisema hata siku trekta lilipomkata mguu, akimwambia mchungaji. Huku kwetu ndivyo mtu anavyojibu. Jina lako linanionyesha kwamba ukoo wenu unatoka huku huku, kwa hiyo ulipaswa kujua jibu hilo lina thamani gani.

Nimekipitia kipimo na nimempa Lubbert thelathini na nne. Kisha nikaona nikijaribu kwako. Mtu mwenye rafiki wachache au anayegombana na wenzake kazini, ana shida ya kiasi. Mwanamke wa mapokezi alikunja uso kila ulipomwita. Nimekupa hamsini na tano, na hapo nimekuhurumia.

Tena Hoekzema


Alhamisi, 6 Februari 1997

Kwa Bi. Hoekzema,

Basi niweke mambo sawa. Ulimwosha mgonjwa, ukamvalisha, ukamfunga tai, ukamfundisha majibu ya uongo kwa kadi, ukamleta kwangu, ukakaa kando yake ukiwa umekunja mikono huku akiyasema, na hukufungua mdomo. Sasa una hasira kwa sababu nilikuamini.

Unaniambia sikulipindua tango. Bibi, wewe ndiye uliyelipaka nta.

Sitini na moja ni alama sahihi kabisa. Kosa lililopo ni la jina la aliyepimwa: nilikupima wewe. Unaamka mapema, unapika, una mpangilio, unaendesha maisha ya watu wawili. Ningekuongezea, ila wewe pia una tatizo dogo la mahusiano na watu.

Kuna jambo moja halimo katika barua zako, ingawa umeweka hadi dakika za simu yangu. Umekaa na ndugu yako miaka ishirini na miwili tangu mama yenu afariki. Faili inaonyesha kwamba mwaka 1983 na tena mwaka 1990 kaunti ilikupa nafasi katika nyumba ya uangalizi bila wewe kuomba, ukaikataa. Mara ya pili uliandika kwamba hao watu "hawafai kulisha kuku." Leo unaitaka kwa nguvu zote. Kwa nini leo? Nimeshaona ndugu wengi waliochoka. Kuchoka si dhambi, lakini si alama ya mgonjwa, ni ya ndugu. Kama umechoka, sema umechoka.

Dkt. C. Ostrander


Jumanne, 4 Machi 1997

Daktari,

Sikukujibu kwa karibu mwezi mmoja. Ulidhani umeshinda, na kwa siku chache ulikuwa umeshinda.

Sijachoka. Weka hilo kwenye faili kabla ya mengine.

Nina saratani ya kongosho. Niliambiwa tarehe 9 Desemba, na siku ya tatu nikajaza fomu zenu. Mwezi uliopita, wiki moja baada ya barua yako, walinifungua kuona kama kuna cha kukata, wakanifunga tena. Nililala huko siku nane. Bibi Vruggink, jirani yetu, ndiye huyo mmoja wa "rafiki" wawili wa Lubbert, alikaa naye. Niliwaambia wote wawili naenda kumtembelea binamu huko Iowa. Nilimwachia Bibi Vruggink maelezo ya kila kitu. Nilirudi nikakuta Lubbert amepungua ratili kumi na moja, kwa sababu Bibi Vruggink aliona haya kuhesabu mbele ya mlango wa bafu la mwanamume na aliona ni upuuzi kuonja chakula cha mtu mzima. Simlaumu. Ni mimi niliyemzoesha kuamini kwamba Lubbert ni mtu mkimya tu.

Daktari wangu, ambaye hutazama saa kama wewe lakini angalau kalamu yake anaijua ilipo, anasema labda nitaufikia mwezi wa nane. Matango yanaanza kuvunwa mwezi wa saba.

Lubbert hajui. Hakuna anayejua ila wewe, jambo ambalo sikuwahi kuliota.

Kuhusu nta, ni kweli. Nilikuwa nimeweka akilini kwamba tunaenda kuomba, na mtu haendi kuomba akiwa mchafu. Mama alitupigia pasi hata soksi tulipokwenda kwa daktari wa meno. Ulipouliza maswali nilitaka kusema, na nikaona aibu mbele ya mtu ambaye viatu vyake havijapigwa kiwi. Nilikaa hapo nikafurahi, naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye shajara, nikafurahi jinsi alivyoyakumbuka yote sita bila kosa. Kwa furaha ile nimemnyima mahali pa kuishi.

Akibaki peke yake katika nyumba hii hatakufa kwa ugonjwa wake. Atakufa kwa njaa mbele ya kabati lililojaa chakula. Siku sitini zako zinaisha tarehe 18.

Tena Hoekzema


Ijumaa, 7 Machi 1997

Kwa Bi. Hoekzema,

Nasikitika. Siandiki zaidi ya hapo kwa sababu ninajua utakavyolipokea.

Niliyoyaandika kuhusu kuchoka nayafuta.

Sasa kazi. Barua yako nimeisajili leo kama rufaa, ili siku sitini zisikupite. Rufaa haiendi kwa maelezo ya ndugu. Kamati itakuwa na karatasi mbili mbele yake: barua zako za mwaka 1983 na 1990 zilizoisifu nyumba yako, na ripoti yangu. Ili niandike ripoti nyingine lazima nione mwenyewe. Nitakuja nyumbani kwenu Jumanne tarehe 18, saa nne asubuhi, na nitakaa kwa muda utakaohitajika.

Lakini nikija nikute umemwandaa, nitaona tena kile kile. Kipimo kinapima wiki ya karibuni. Kwa hiyo kuanzia Jumanne tarehe 11, siku saba, usimguse. Usimwamshe, usimhesabie, usimwonjee, usimpangie nguo. Pika kama kawaida na uweke mezani. Kaa karibu, na likitokea la hatari mpigie Bibi Vruggink na unipigie mimi. Mengine yote uyaache yawe, na uandike kila siku ulichokiona. Nimeambiwa unalo daftari.

Ninajua ninachokuomba.

Dkt. C. Ostrander


Jumatatu, 10 Machi 1997

Daktari,

Hujui unachoniomba, lakini nimekubali.

Kiwandani, mkaguzi wa serikali alipotaka kujua tango linaharibika baada ya siku ngapi, aliliacha juani akakaa kando na kalamu. Hata hivyo yeye aliliacha tango.

Njoo na viatu vya theluji. Barabara yetu haisafishwi mpaka mchana.

Tena Hoekzema


Jumanne, 18 Machi 1997
(imekabidhiwa kwa mkono)

Daktari,

Hii hapa nakala ya shajara kama ulivyotaka. Isome baadaye, sasa mtazame yeye.

Jumanne 11. Sikumwamsha. Aliamka saa sita mchana. Alikwenda kusimama ndani ya bafu akiwa na taulo, akangoja. Baada ya nusu saa akafungua mlango kidogo. "Dada, hujaanza." Nikamwambia daktari amesema nipumzishe sauti. Alibaki mle hadi saa nane, kisha akatoka akiwa mkavu. Hakunyoa. Hakula.

Jumatano 12. Nilipika supu ya njegere na soseji. Niliweka sahani mbili, nikala yangu bila kuonja yake. Aliitazama yake mpaka ikaganda juu kama nta. "Umekula yako tu," akasema. Nikasema ndiyo. Hakula. Maji anakunywa ya bombani kwa kiganja.

Alhamisi 13. Nguo zile zile tangu Jumanne, pamoja na soksi. Hajala. Ameziba simu kwa kitambaa. Saa tano asubuhi alitoka nje kwenye theluji na sapatu za ndani, amebeba saa tatu za ukutani, akazitia kwenye masanduku ya barua ya majirani, moja moja, ili zikawasikilize wengine. Bibi Vruggink alimrudisha akiwa amemshika mkono, vidole vyake vya miguu vimekuwa rangi ya maziwa. Alimtazama, akanitazama na mimi, akaitazama ile supu ya jana mezani. Akasema, "Tena, miaka ishirini na miwili nakuuliza hamjambo, nawe unaniambia hamjambo. Wewe mwanamke ni mwongo wa daraja la kwanza." Nikamwambia ndiyo. Akavua koti akakaa nasi mpaka jioni.

Ijumaa 14. Hakuna la kuandika.

Jumamosi 15. Alikula mkate mkavu asubuhi, vipande viwili. Mchana hakula. Alizungumza na ukuta wa jikoni kwa saa mbili kwa sauti ya chini, mara anaugombeza, mara anauomba radhi. Hakwenda chooni kwa wakati. Kiti nimekiosha mimi. Hilo hukulikataza, na kama ulilikataza, shauri yako.

Jumapili 16. Hatukwenda kanisani, mara ya kwanza tangu tumzike mama. Mchungaji alipiga simu baada ya ibada. Nilichomoa kitambaa nikamwambia jinsi tulivyo. Ilinichukua dakika nne kuyasema.

Jumatatu 17. Ananuka. Ndevu zimetoka nyeupe, sikuwa nikijua, kwa sababu sijawahi kuziacha zitoke. Amelala sakafuni kando ya kabati la saa. Nilipika uji, ukapoa, nikamwaga. Siandiki zaidi.

Tena Hoekzema


Jumatatu, 24 Machi 1997

Kwa Bi. Hoekzema,

Ripoti yangu ilipita kwenye kamati leo asubuhi. Nimempa thelathini na nne. Najua utasema ulinitajia namba hiyo mwezi wa kwanza bila kuondoka maktaba, kwa hiyo nimekuokolea wino.

Amepata nafasi katika nyumba ya uangalizi ya Mtaa wa Tanbark, umbali wa maili nne kutoka kwenu. Ina watu sita na mhudumu usiku na mchana. Ataingia Jumatatu tarehe 14 Aprili. Mhudumu wa mchana anaitwa Darlene Kuipers. Mwandikie maelezo yote, naye nimemwagiza ayafuate yalivyo, na asione haya.

Tarehe 14 Januari niliwapima watu kumi na mmoja. Sisemi hili kama udhuru. Nimeichukua faili ya kila mmoja kati ya wale kumi waliobaki, na nimeanza kuwatembelea nyumbani. Niliona tai ya Bwana Lubbert siku ile. Ilikuwa imefungwa vizuri kuliko yangu, na mtu mzima niliyesoma miaka yote hiyo sikujiuliza ni mkono wa nani.

Zile saa tatu nilizokaa jikoni kwenu alizungumza nami mara moja tu. Aliniuliza kama nina mtu wa kunihesabia. Nikasema sina. Akatikisa kichwa kana kwamba amesoma faili yangu.

Kuna jambo jingine, na hili si kwa ajili ya kamati. Uliniambia hujaruka siku tangu mwaka 1951. Ijumaa tarehe 14 umeandika "Hakuna la kuandika." Alhamisi alikuwa hajala kwa siku tatu. Jumamosi amekula. Kulitokea nini katikati?

Si lazima unijibu.

Clark Ostrander


Jumatano, 16 Aprili 1997

Daktari,

Lubbert amehamia Tanbark juzi, akiwa na begi moja na saa za ukutani kumi na moja. Tatu tulimwachia Bibi Vruggink, kwani anasema amekwisha kuzizoea. Maelezo niliyomwandikia Darlene Kuipers ni kurasa kumi na moja. Amezisoma zote, akaniuliza maswali manne, na matatu kati yake yalikuwa ya akili. Ni zaidi ya ninavyoweza kusema kuhusu watu wenye vyeti. Jana nilimsikia akihesabu mlangoni. Anakwenda mbio kidogo kwenye sabini, lakini "masikio" anaisema vizuri.

Umeniuliza kuhusu Ijumaa. Katika daftari langu ukurasa huo umejaa pande zote mbili. Kwenye nakala yako sikuutia.

Saa tatu asubuhi nilitapika bafuni nikaanguka. Miguu ilikataa. Nililala kwenye vigae na mlango ukiwa umefungwa, na sikumwita, kwa sababu wewe ulisema nisimguse na kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kumwita kwa lolote. Nilifikiria Bibi Vruggink atakuja saa ngapi.

Nikasikia sapatu zake zikija, zikasimama nje ya mlango. Kisha akaanza. Moja, mbili, tatu. Kwa mwendo wangu ule ule, hata pale ninapovuta pumzi kwenye thelathini. Alipofika hamsini akasema "makwapa." Alipofika mia akasema "masikio." Akamaliza mia mbili, akangoja. Sikutoka. Akarudi kwenye moja.

Mara ya tatu niliweza kufikia kitasa. Alinitazama pale chini, usoni, bila kufumba macho. Akaondoka, nikadhani ndiyo basi. Akarudi na kipande cha mkate. Mtu ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu Jumatatu alikaa sakafuni mbele yangu, akakimega kile kipande, akala yeye kwanza. Akatafuna, akameza, akanyoosha kidole nisisogee. Tukangoja dakika tano. Alizihesabu.

"Ni salama, Dada," akasema. "Kula."

Nikala. Mkate ulikuwa wa wiki iliyopita.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza treni inaondoka lini, "Utakufa kabla ya matango?"

Nikamwambia huenda. Nikamuuliza amejuaje. Akasema Iowa hatuna binamu.

Akasema, "Basi nitahitaji mtu wa kuhesabu."

Sasa unajua kwa nini sikukupa ukurasa huo. Nilikisoma kipimo chako vizuri. Ungeandika kwamba anatambua hali ya wengine, anachukua hatua, anapanga mambo ya mbele, na ungempandisha hadi hamsini na tano kwa furaha ya kuwa mwungwana, naye angelala njaa mbele ya kabati mwezi wa tisa. Kwa hiyo nilikudanganya tena. Mara hii sijutii.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikimtazama upande wa tumboni tu. Nimeliandika hilo kwenye shajara na hapa naliandika mara ya pili na ya mwisho.

Usiiguse ile namba. Thelathini na nne ibaki kwenye faili yako, ina kazi ya kufanya. Ijumaa ni yangu.

Na upige viatu kiwi.

Tena Hoekzema